Besi Tatu za Rangi ya Gari la Maziwa

Vumbi ndilo lililomchongea Fundi Rangi. Mke wake hakupekua vitu, hakuuliza jirani, wala hakusimama mlangoni kusikiliza ya watu. Alikuwa anafuta vumbi tu, kama afanyavyo kila Jumamosi asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani. Alipofika kwenye gita la besi lililoning'inia ukutani pale sebuleni, kitambaa kikateleza kutoka kichwani mwa gita mpaka tumboni bila kukwama popote.

Akasimama. Akarudia. Kitambaa kikateleza tena, swaa, kama mtoto aliyekaa kwenye sakafu yenye sabuni.

Sasa, besi aliyoizoea yeye ina vyuma vidogo vinavyoikata shingo, kimoja baada ya kingine, mfano wa vipandio vya ngazi. Kati ya chuma na chuma ndimo vumbi hujikunyata, na ndiyo maana alikuwa na mswaki mkuukuu alioutenga kwa kazi hiyo. Leo mswaki ulikuwa mkononi na hauna pa kuingia. Shingo ya besi ilikuwa laini tupu, kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi sasa hivi.

"Haya," akasema peke yake. "Na huyu wa tatu naye alikaribishwa lini?"

Wa tatu, maana wa pili alikwishamjua zamani.

Pale mtaani walimwita Mama Tega, kwa sababu hukai naye kidogo bila kutegewa kitendawili. Alikuwa anashona sare za shule hapo hapo nyumbani, na mzazi aliyekuja kumpimisha mtoto sketi aliondoka na kitendawili kichwani, akarudi kesho yake na jibu ambalo silo. Mume wake ni fundi wa kupaka rangi magari, mtu mpole, mwenye kucha za rangi nyingine kila wiki. Siku za mapumziko hupiga besi katika bendi ya harusi. Anaiweka besi mapajani, anafumba macho, na ukimwita humpati.

Siku walipohamia katika nyumba ile, yenye sebule, vyumba viwili na jiko la uani, Mama Tega aliweka sheria moja tu.

"Nyumba hii ni ya mke mmoja na besi moja," alisema. "Besi yako ndiye mke mwenza wangu. Ukitaka kuleta wa pili, huyu wa kwanza apewe talaka yake mlangoni, nami nione kwa macho yangu."

Fundi alicheka, akakubali. Wakati huo alikuwa na besi moja tu, pana na nzito, aliyokuwa ameipaka rangi ya buluu iliyosalia baada ya kupaka gari la kuuzia maziwa. Ilikuwa buluu ya kupendeza, hilo halina ubishi.

Lakini ugonjwa wa besi hauna dawa dukani. Leo mtu anaambiwa kuna moja mahali fulani ina shingo nyembamba, vidole vinakimbia vyenyewe. Anakwenda kuitazama tu. Anaishika tu. Anaipiga kidogo tu. Jioni anarudi nayo begani, na ile "tu" yake imekwisha njiani. Ndivyo ilivyokuwa kwa Fundi. Hakuthubutu kuileta nyumbani kama ilivyo, kwa hiyo akaipeleka karakana, akaikwangua rangi yake nyeusi, akaipulizia buluu ile ile ya gari la maziwa. Aliinyunyizia, akaisugua, akainyunyizia tena, mpaka zile mbili zikawa pacha.

Tena alikuwa mwangalifu. Besi ya kwanza ilikuwa na mkwaruzo tumboni, mfano wa ndoana, tangu siku mkasi wa Mama Tega ulipoiangukia. Fundi akauchora mkwaruzo huo kwenye ya pili kwa bisibisi. Kosa lake ni kwamba aliuchora kwa kukumbuka. Ndoana ya kwanza ilitazama mlangoni. Ya pili ilitazama dirishani.

Kuanzia hapo moja ilikaa ukutani, na nyingine ikalala chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, imefungwa blanketi nyuma ya maboksi. Fundi alipotaka ladha nyingine alizibadilisha, akiamini kwamba mke wake huona rangi tu. Alisahau kwamba anaishi na fundi cherehani, mtu anayeweza kukutazama unapita barabarani na chupa ya mafuta akakwambia kiuno chako kimeongezeka. Siku ya kwanza tu Mama Tega alipoishusha ile ya pili kuifuta, mikono ilimwambia: huyu si yule. Huyu mwepesi. Akaipima shingo kwa futi kamba, akatabasamu, akairudisha ukutani. Ile ya zamani akaipa jina la Bi Mnene. Hii ngeni akaiita Bi Mwembamba.

Kwa nini hakumuuliza mume wake siku ile ile? Kwanza, alitaka aseme mwenyewe. Mtu akikwambia kwa hiari yake mnacheka pamoja, ukimkamata unacheka peke yako. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni nzuri ya kumwambia mtu yeyote.

Sababu ya pili hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alikuwa amempakata Bi Mwembamba anamfuta vumbi, amekaa kwenye kiti chake cha kushonea, na kichwa cha besi kikagusa meza ya cherehani. Kidole gumba kikavuta uzi mnene wa besi kwa bahati mbaya. Meza ikanguruma. Mkasi ukatetemeka, pini kwenye kisahani zikacheza zote pamoja. Mama Tega akatazama mlangoni kama mtu aliyelamba sukari ya wageni, kisha akavuta tena, safari hii kwa makusudi.

Basi ikawa kila Fundi akienda karakana, mke wake anashona mpaka mgongo unauma, halafu anapumzika na Bi Mwembamba, kichwa chake kimeegemezwa mezani ili meza iwe spika. Nyimbo alizijua. Miaka yote hiyo mume wake alifanyia mazoezi sebuleni yeye akiwa jikoni, na zilipita ukutani zikamkaa masikioni. Vidole navyo vilikwisha komaa kwa sindano, uzi wa chuma haukuviuma. Bi Mnene naye, Mama Tega alimjaribu mara moja. Bega lilimuuma siku nzima, na shingo yake ilikuwa kama mpini wa jembe. Lakini Bi Mwembamba alikaa kiganjani kama mpini wa mwiko. Siku alizokuwa stoo, Mama Tega alifungua blanketi, akapiga, kisha akalikunja blanketi kwa mikunjo ile ile. Kukunja kitambaa hakuhitaji kufundishwa.

Kwa hiyo mume alikuwa na siri yake ndani ya blanketi, na mke ana yake ndani ya blanketi hilo hilo. Na sasa ameongezeka wa tatu, asiye na vipandio. Mama Tega akamtazama pale ukutani, akampa jina papo hapo: Bi Kipara.

Simu ilipigwa akiwa bado ameshika mswaki. Alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyejifungua wiki hiyo.

"Mama, Jumapili ijayo tunakuja, mimi na mgeni wako," binti akasema. "Tukae kwenu mpaka akaze shingo. Chumba cha nyuma kina nafasi?"

"Kitakuwa nayo," Mama Tega akajibu. "Huyo mume wangu anakula vizuri?"

"Mume wako analia tu, anataka kuletwa."

Wakati wa chai Mama Tega akampa Fundi habari. Fundi alifurahi mpaka akatia sukari mara mbili. Halafu furaha ikamganda usoni.

"Chumba cha nyuma nitatoa vitu mimi," akasema upesi. "Wewe usijisumbue. Mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana nataka ubaki hivyo hivyo."

Mama Tega akakoroga chai yake taratibu. "Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Ngazi yangu jana ilikuwa na vipandio, leo haina hata kimoja, na mzee bado anapanda."

Kikombe cha Fundi kikasimama katikati ya meza na mdomo. "Bomba la mvua," akasema.

"Bomba la mvua jana lilikuwa na vipandio?"

"Basi nyoka."

"Nyoka ndiye alikuwa navyo?"

"Subiri, bado nafikiri."

"Unafikiri au unatoka jasho? Umeshindwa, baba. Nipe mji."

Sheria ya mchezo ni hiyo: aliyeshindwa humpa mtegaji mji, na mtegaji akiridhika nao ndipo anatoa jibu. Lakini Fundi alikwisha inuka, chai nusu kikombe. "Mji utaupata, mke wangu. Kuna gari la watu linanisubiri, rangi inakauka." Akatoka, kofia kichwani kaigeuza nyuma mbele.

Mama Tega akacheka kwanza. Kicheko kikaisha alipofikiri vizuri. Chumba kikitolewa vitu, besi mbili hazina tena pa kujificha. Fundi ataziuza, tena kimyakimya kama alivyozileta. Na ataanza na ipi? Bi Mnene hawezi kumuuza, ndiye besi yake ya ujana. Bi Kipara ndiyo kwanza ameingia, bado anamwonea wivu hata na vumbi. Aliyebaki ni mmoja. Naye Mama Tega hawezi kusema "usimuuze Bi Mwembamba", maana ataulizwa umemjua lini, na umemjuaje, na vidole hivyo vimekuwaje.

Siku hiyo alishona mkono wa shati mahali pa kola. Akaufumua, akaushona tena pale pale.

Katikati ya wiki alikwenda kibanda cha kona kumpelekea kinyozi shuka aliyomshonea, ile ya kuwafunga wateja shingoni. Kinyozi huyu hupiga tumba katika bendi ya Fundi na ni rafiki yake wa miaka mingi. Ni mtu mwema, ila hawezi kutunza siri. Ukimwachia yako, anamsimulia mteja anayefuata huku anamnyoa.

"Shemeji, hongera kwa mjukuu," kinyozi akasema. "Na mimi Jumamosi nakuja kwenu kuchu... kuangalia paa la chumba cha nyuma."

"Paa limefanya nini?"

"Linavuja. Linavuja vibaya, shemeji."

"Mvua haijanyesha mwezi mzima."

"Ndio wakati mzuri wa kuliangalia, likiwa kavu."

Mteja aliyekaa kwenye kiti akakohoa ndani ya shuka. Mama Tega akaikunja shuka ya zamani, bila haraka.

"Na hilo paa, shemeji, wewe unapenda nene au jembamba?"

"Jembamba," kinyozi akajibu, mashine ya kunyolea hewani. "Nimechoka kupiga ngoma, nataka kujifunza kitu kingine, na vidole vyangu si unaviona, vifupi." Ndipo masikio yake yakasikia mdomo wake. "Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu."

"Fundi akiuliza..."

"Tumezungumza habari za paa."

Akarudi nyumbani akiwa amenyooka kama kawaida, akaitikia salamu za watu wote. Ndani akavua viatu, akampakata Bi Mwembamba, akampiga mpaka pini zote zikatoka kwenye kisahani. Alikuwa ameishi vizuri bila besi maisha yake yote. Sasa kufikiria asubuhi zake bila hii kulimtia unyonge aliouona ni wa kipuuzi kwa mtu anayeletewa mjukuu wiki hiyo hiyo, na bado haukuondoka.

Jumamosi ikafika. Fundi alikuwa amekwisha toa maboksi yote, kapiga deki, kaweka kitanda na neti. Chumba kilinukia sabuni. Kinyozi akaja mchana na ngazi begani ili uongo ukamilike, wakaingia wote wawili chumba cha nyuma, wakafunga mlango. Fundi alitangulia kuichukua besi ya sebuleni, "niifute vizuri kule kwenye mwanga," akasema, na spika yake ndogo akaibeba chini ya koti la kazi, tumbo limetokeza kama la mjamzito.

Mama Tega alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga pedali. Ukuta ule ni mwembamba.

"Hii ya kwanza nzito, bwana," sauti ya kinyozi. "Ni kama kubeba mkwe."

"Hiyo siiuzi. Nakuonyesha tu ulinganishe. Sikia sauti ilivyo nene, inakaa chini ya wimbo wote kama msingi wa nyumba. Sasa shika hii."

Kukawa na mlio wa kuteleza, mfano wa paka aliyekanyagwa mkia kwa mbali.

"Noti ziko wapi hapa?" akauliza kinyozi. "Mbona shingo tupu?"

"Unazitafuta mwenyewe kwa sikio."

"Nazitafuta wapi sasa? Lete ile nyingine."

Kisha Mama Tega akasikia sauti anayoijua kuliko zote. Ilikuwa safi, imekaza, kila noti inatoka na kusimama mahali pake kama kifungo kilichoshonwa vizuri. Vidole ndivyo vilikuwa vya mtu mwingine.

"Hii ndiyo yangu," kinyozi akasema. "Hapa tumemaliza."

Mama Tega akainuka. Akamimina chai kwenye vikombe vitatu, akaweka kwenye sinia, akabisha mlango kwa kiwiko na kuingia bila kungoja karibu.

Ndani watu walikuwa wameshachanganyikiwa. Blanketi lilikuwa limetupwa kitandani juu ya vitu viwili virefu, na kichwa cha Bi Kipara kimechungulia upande wa mto kama mgonjwa. Kinyozi alikuwa amekaa ukingoni na Bi Mwembamba mapajani. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anagonga dari kwa kidole.

"Paa hili," akasema, "halina neno kubwa."

"Nashukuru kusikia," mke wake akasema. Akaweka sinia juu ya kiti. "Shuka unywe chai, mume wangu. Kitendawili."

Fundi akashuka kipandio kwa kipandio. "Tega," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa mkono achomwe sindano.

"Mke mwenza wangu aliingia nyumba hii peke yake. Sasa wapo watatu, wote wamevaa sare ya gari la maziwa, na mume wangu ananiambia ni mmoja."

Kinyozi akapaliwa kabla hata hajanywa. "Shemeji, hiki hata mimi nakijua."

"Nyamaza wewe, hukutegewa."

Fundi akalitazama blanketi. Akaitazama ngazi. Akamtazama mke wake, na mke wake hakuwa amekunja uso. Alikuwa amesimama tu, ameshika kikombe chake, anangoja. Fundi akakaa kitandani, taratibu, asije akavunja kitu.

"Nimeshindwa," akasema.

"Umeshindwa, au umeshikwa?"

"Vyote viwili. Ni mimi niliyezipaka, mama. Nilisema nitakwambia Ijumaa. Kila wiki ilikuwa na Ijumaa yake, na mimi nikaziacha zikapita zote."

"Basi nipe mji. Una madeni ya miji miwili."

"Nakupa chumba hiki."

"Chumba hiki ni cha mjukuu. Huwezi kunipa cha mtu."

Fundi akavuta pumzi. "Basi nakupa vilivyomo."

"Vyote?"

"Vyote vitatu. Fanya utakavyo."

"Mji nimeupokea," Mama Tega akasema. "Shemeji, nipe hiyo uliyoshika."

Kinyozi akaitoa kama mtu anayerudisha mtoto wa watu. Fundi akafumba macho, akidhani inakwenda kuvunjwa kwenye ukingo wa kitanda. Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia kikombe kikiwekwa chini. Halafu spika ikatoa noti moja nene, nzima, na dirisha likatetemeka, na aliyeshtuka kuliko wote ni Mama Tega mwenyewe. Hajawahi kuisikia kwenye spika. Yeye alizoea meza.

"Kumbe una sauti hivi," akamwambia Bi Mwembamba.

Akaanza. Alipiga wimbo ule wa kuingizia maharusi, ule ambao Fundi huupiga kila harusi. Mabega yalimtulia, kichwa kikainama kidogo kama anapotia uzi kwenye sindano. Fundi alifumbua jicho moja, kisha la pili, kisha mdomo. Kinyozi alisahau chai yake. Mkono wake wenyewe ukaanza kugonga ngazi, na ngazi ikawa tumba.

Wakafika mahali fulani, katikati, ambapo Mama Tega alisita kidogo, kama mtu anayeruka dimbwi, akarudia noti moja, akaendelea. Mzunguko wa pili, pale pale, akasita tena, akarudia, akaendelea. Akamaliza.

"Hapo unaposita," Fundi akasema polepole, "umejifunza wapi?"

"Kwako, ukutani. Si ndivyo wimbo ulivyo?"

Kinyozi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akajifuta macho kwa shuka ya mtoto. "Shemeji," akasema, "hapo huwa anakosea. Miaka yote. Bendi nzima tunamngoja pale, maharusi wanasimama mguu mmoja hewani."

"Mimi nakosea?" akauliza Fundi.

"Unakosea, ndugu yangu. Tulikuonea haya kukwambia."

Fundi alimtazama mke wake, naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanacheza. Ndipo naye kikamtoka, kicheko kikubwa, kile cha ujana wake. Mtu aliyeketi jikoni akajifunza kila noti yako, na kosa lako akalishika akidhani ni sehemu ya wimbo, huyo unamficha nini tena. Akamshika vidole, akavigeuza, akavitazama ncha zake.

"Nilidhani ni sindano," akasema.

"Ni sindano pia."

Chai ikanywewa ikiwa imepoa. Mama Tega, kama mwenye mji, akatoa hukumu. "Sheria naibadilisha. Tangu leo, mtu mmoja besi moja. Huyu mwembamba ni wangu, hauzwi wala haazimwi. Wewe chagua wako kati ya hao wawili walio kitandani."

Fundi akafunua blanketi. Akamshika Bi Mnene, akamweka. Akamshika Bi Kipara, akapitisha kidole shingoni, akashindwa kumweka. "Huyu analia kama mtu, mama. Wewe hujasikia."

"Nimesikia. Niko jikoni, sijafa. Bi Mnene ukimpiga vifuniko vya masufuria yangu vinaitikia, na mimi najua uko nyumbani. Huyo ukimpiga unatafuta noti kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Unagusa, siyo. Unagusa, siyo. Ukiipata, wimbo umeshapita."

Ilimchoma, lakini hakubisha, maana ndivyo. Akamkabidhi kinyozi Bi Kipara kwa mikono miwili.

"Mimi nilitaka jembamba," kinyozi akalalamika.

"Paa lililobaki ni hilo," Mama Tega akamwambia. "Halina vyuma vya kuumiza vidole vyako."

"Na noti?"

"Zimo humo humo, shemeji. Utazikuta."

Fundi akajaribu mara ya mwisho. "Sheria si inasema mtu mmoja, besi moja? Basi mjukuu naye ni mtu. Tumwekee huyu."

Mama Tega karibu akubali, uso wake ulianza kulegea. Halafu akatikisa kichwa. "Yeye hajakaza shingo, unampa besi isiyo na vipandio. Ataanzia wapi? Shemeji, chukua kabla sijabadilisha sheria tena, na ngazi yako usisahau."

Jumapili binti akaja na mtoto. Mama Tega akampokea mume wake huyo mdogo, akamnusa, akamtegea kitendawili cha kwanza masikioni, na mtoto akajibu kwa kupiga chafya. Binti alipoingia sebuleni akasimama. Ukutani kulikuwa na misumari miwili na besi mbili za buluu moja, ndoana moja inatazama mlangoni na nyingine dirishani.

"Baba, mbona mbili? Sheria ya mama je?"

"Muulize mwenye mji," Fundi akasema.

Alasiri binti na mtoto wake walipokuwa wamejilaza chumba cha nyuma, dirisha wazi, sauti ya Bi Kipara ilitoka kibanda cha kona, inateleza, inagusa siyo, inagusa siyo. Baadaye kidogo mteja mmoja alipita barabarani ameshika kichwa, upande mmoja umenyolewa na mwingine bado. Halafu, kutoka sebuleni, besi mbili zikaanza pamoja, moja nene chini, nyingine nyembamba juu yake, wimbo wa kuingizia maharusi. Vifuniko vya masufuria vikaitikia jikoni. Mtoto akafumbua macho, akasikiliza.

Katikati ya wimbo zote mbili zikasita, mahali pamoja, zikarudia noti ile ile, zikaendelea. Kosa walikuwa wameshaonyeshwa, na namna ya kulisahihisha kinyozi aliwafundisha mara mbili. Lakini kila mmoja alimwonea mwenzake haya kuwa wa kwanza kulirekebisha, basi wakaliacha hivyo hivyo.